Leiapu ni nini, na lini ushambulie grini

Unacheza gofu, uko kwenye shimo la mipigo 5 (yaani kiwango chake ni kulimaliza kwa mipigo 5), draiva yako, ile fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza, imetoka safi, mpira umelala katikati ya nyasi fupi, mbele kuna dimbwi na nyuma ya dimbwi tu ndo grini yenyewe, ile nyasi laini yenye kishimo. Hapo una njia mbili. Unaweza kuchukua fimbo ndefu ukapiga juu ya maji kuitafuta grini moja kwa moja, hiyo ndo kushambulia. Au unachukua fimbo fupi, unausogeza mpira mpaka sehemu nzuri upande huu wa maji, halafu mpigo wa tatu unaingia grini kwa weji, fimbo ya kuinua mpira kwa umbali mfupi. Hiyo ya pili ndo leiapu. Sio mpira uliopungua nguvu, ni mpira uliopigwa mfupi kwa makusudi ili unaofuata uwe rahisi.

Maana ni hiyo tu, haina ugumu. Ugumu uko kwenye lini ufanye ipi, na hapo watu wanapoteza mipigo mingi sana kila Jumamosi, tena watu wanaopiga vizuri kabisa.

Chukua shimo la 15 pale Augusta, Marekani, kwenye Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Ni la mipigo 5 na mbele ya grini kuna maji. Mwaka 1935 Gene Sarazen alifika pale akiwa nyuma mipigo 3, anayeongoza ni Craig Wood ambaye alishamaliza kucheza. Sarazen alikuwa na yadi kama 235 (karibu mita 215), akachukua fimbo ya mbao namba 4, akapiga juu ya maji, mpira ukaingia shimoni. Mipigo 2 kwenye shimo la mipigo 5! Nyuma mipigo 3 yote ikafutika kwa mpigo mmoja, wakalingana, na kwenye mchujo akashinda. Sasa nenda 1993, shimo hilohilo, Chip Beck naye yuko nyuma mipigo 3, mbele yake ni Bernhard Langer, na umbali ni kama yadi 236. Beck akapiga leiapu. Langer akashinda kwa mipigo 4, na mpaka leo watu wanamsema Beck kwa ule mpigo.

Umbali karibu uleule, pengo lilelile, shimo lilelile. Ndo maana napenda kuanzia hapa, kwa sababu watu wakisikia hizi hadithi mbili wanatoka na somo moja tu, kwamba shujaa anashambulia na mwoga anapiga leiapu. Mi nadhani somo hilo limeharibu kadi nyingi sana za alama. Kosa la Beck, kama ni kosa, lilikuwa hesabu ya muda: yuko nyuma 3, yamebaki mashimo machache, nafasi ya pili kwake ina thamani ndogo kuliko ile nafasi finyu ya kushinda. Siku ya pili ya mashindano, mpigo uleule ungekuwa wa kawaida kabisa na hakuna ambaye angeukumbuka.

Swali ambalo karibu kila mtu anajiuliza akisimama pale ni "nafika?" Swali baya hilo. Ukishapiga fimbo yako ya mbao ikafika mara moja mwaka jana, jibu litakuwa nafika, kila siku. Swali lenye kazi ni hili: nikipiga vibaya, mpira unaishia wapi? Maana mipira mibaya ndo mingi, na ndo inayoandika skoo.

Tuseme mipira kumi, uko yadi 210, mbele maji, na wewe ni mchezaji wa kawaida wa klabu. Ukiwa mkweli, labda 2 inakaa grini, hapo kuanzia ulipo unamaliza kwa 3. Mingine 4 inakwenda pembeni au nyuma ya grini, unamaliza kwa 4. Halafu 4 iliyobaki inaingia majini, kuna adhabu ya mpigo mmoja, unadondosha mpira, unapiga tena, unamaliza kwa 5 ukijitahidi. Jumla 42, wastani 4.2. Upande wa leiapu, mpigo mmoja wa kusogeza, weji, halafu mipigo miwili kwenye grini, ni 4, mara moja kati ya kumi unapata 3, mara mbili hivi unaharibu unapata 5, wastani kama 4.1. Unaona ilivyo karibu? Leiapu imeshinda kwa kidogo sana. Sasa ondoa maji, weka nyasi za kawaida. Ile mipira 4 iliyokuwa inazama sasa iko mbele ya grini na unamaliza kwa 4, wastani unashuka mpaka 3.8 na kushambulia kunashinda bila ubishi. Mchezaji yuleyule, fimbo ileile, kilichobadilika ni kile kilichokaa mbele ya grini.

Kwa hiyo pasipokuwa na maji, mpaka wa nje au kichaka cha kumeza mpira, sogea karibu na grini uwezavyo. Najua wengi tumefundishwa "acha umbali unaoupenda", yaani unarudi mpaka yadi 100 ili upige weji kamili. Mark Broadie, profesa wa Columbia University aliyechambua data za mipigo ya PGA Tour, yaani mashindano ya mapro wa Marekani, anaonyesha kitu tofauti: mapro wakiwa kwenye nyasi fupi yadi 100 wanahitaji wastani wa kama mipigo 2.80 kumaliza shimo, yadi 80 ni kama 2.75, yadi 40 ni kama 2.60. Karibu ni bora, hata kama huo mpigo wa nusu swingi hauupendi. Na wakiwa yadi 240 wastani ni kama 3.45, wakati kusogeza mpaka yadi 100 halafu kumaliza ni 1 kujumlisha 2.80, yaani 3.80. Hao ni mapro lakini, wanaozamisha mpira majini mara chache kuliko sisi, usichukue namba zao ukazivaa kama zako.

Na hata kati ya mapro watu si sawa. Zach Johnson mwaka 2007 alishinda Masters kwa kupiga leiapu kwenye mashimo yote ya mipigo 5, siku zote nne, mara 16, na mashimo hayo peke yake aliyacheza 11 chini ya kiwango. Jamaa hana mpira mrefu ila weji yake ilikuwa kali mno, na wiki ile kulikuwa na baridi na upepo, skoo yake ya ushindi ilikuwa moja juu ya kiwango. Nyuma yake kwa mipigo 2 alikuwemo Tiger Woods.

Sasa kama umeamua leiapu, ipige kweli. Hapa ndo panaponiuma, maana naona mtu anakubali kupoteza nafasi ya grini halafu anachukua fimbo ambayo akiipatia sawasawa inafika majini! Chukua fimbo ambayo hata ukiipiga vizuri kuliko ulivyowahi, haigusi maji. Jean van de Velde, Carnoustie 1999, shimo la mwisho la Open, mashindano makubwa ya Uingereza, anaongoza kwa mipigo 3, akipata hata 6 amechukua kombe. Draiva ikaenda kulia, na badala ya kuusogeza mpira kwa weji mara mbili akachukua fimbo ndefu kuelekea grini, ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi ndefu, uliofuata ukaingia mtoni. Alimaliza kwa 7, na kwenye mchujo Paul Lawrie akashinda.

Mengine ni ya siku yenyewe. Mpira ukiwa umezama kwenye nyasi, leiapu, hata kama umbali unauweza. Ukitoka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali, halafu ukashuka Mombasa na upepo wa bahari usoni, ile fimbo uliyoizoea haivuki tena, hapo msikilize kedi wa pale, mbeba fimbo zako, anaujua uwanja wake. Kwenye mechi ya mtu kwa mtu, mpinzani akishazamisha mpira wake majini we huna sababu ya kuvuka. Na kwenye pointi za Stableford, ambako kila shimo linakupa pointi badala ya kujumlisha mipigo, shimo baya kabisa ni sifuri, haliwezi kukula zaidi ya hapo, kwa hiyo mpira ambao kwenye mashindano ya kuhesabu mipigo nisingeujaribu, kwenye Stableford naupiga.