Je, wajua programu ya kompyuta hujuaje kina cha molekuli katika picha bapa?

Kamera ya hadubini haipimi kina. Hupokea mwanga juu ya safu bapa ya pikseli, na molekuli moja inayong'aa huonekana hapo kama doa lenye upana wa nanomita 200 au zaidi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ingawa molekuli yenyewe haizidi nanomita chache. Kikomo hicho cha mwanga kilielezwa na mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873. Njia ya kukikwepa ni kuziwasha molekuli chache chache kwa zamu, ili kila doa lionekane peke yake.

Programu hupitia maelfu ya picha za namna hiyo, na kwa kila doa hulinganisha mng'ao wa pikseli na umbo la kihisabati linalotarajiwa, mpaka kitovu kijulikane. Doa ni pana, lakini kitovu chake huweza kukadiriwa kwa usahihi wa nanomita 20 au bora zaidi, mradi fotoni, yaani chembe za mwanga, ziwe za kutosha; zikiongezeka mara nne, kosa hupungua kwa nusu.

Kina ndicho kigumu, kwa kuwa molekuli iliyo juu kidogo ya mahali lenzi ilipolengwa, na iliyo chini yake kwa umbali uleule, hutoa madoa yanayokaribia kufanana. Dawa yake, kwa kiasi fulani cha ujanja, ni kuiharibu picha makusudi. Mwaka 2008 maabara ya Xiaowei Zhuang nchini Marekani ilionyesha kwamba lenzi ya silinda ikiwekwa kwenye njia ya mwanga, doa la molekuli ya juu hurefuka upande mmoja na la molekuli ya chini hurefuka upande mwingine, kwa hiyo umbo la doa hueleza kina.

Ili programu ilisome umbo hilo, chembe ndogo inayong'aa hubandikwa kwanza kwenye kioo, kisha kioo hupandishwa na kushushwa hatua kwa hatua huku doa likirekodiwa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo makosa mengi hujificha: chembe iko kwenye kioo, ilhali molekuli zimo ndani ya seli yenye maji, na mafuta yanayowekwa kati ya lenzi na kioo hayapindi mwanga sawa na maji. Programu isiporekebisha tofauti hiyo, hutoa picha maridadi yenye kina cha uongo.