Kujichapishia si kulipia kitabu kitoke

Kujichapishia ni mwandishi kuwa mchapishaji wa kazi yake mwenyewe. Yeye ndiye anayegharimia, anayeamua na anayemiliki haki, na hasara ikitokea ni yake kama ambavyo faida ingekuwa yake. Maana ni hiyo tu.

Kinachonisumbua ni jinsi neno hili linavyotumika siku hizi. Mwandishi mchanga anatangaza mtandaoni kuwa amejichapishia kitabu chake cha kwanza, watu wanampongeza, nami nafurahi pamoja nao. Ukimuuliza zaidi, unakuta ameilipa kampuni fulani, kampuni ikakitoa kitabu kwa jina lake yenyewe, ikampa nakala chache akauze mwenyewe, na mkataba unamzuia kukitoa kwingine kwa miaka kadhaa. Huyo amechapishiwa, tena kwa fedha yake. Kumwita aliyejichapishia kunamficha asione kwamba kuna haki ameikabidhi.

Mchapishaji si lazima awe na mashine. Mwenye mashine ni mpiga chapa: unampelekea faili, anakukabidhi nakala, unamlipa, mnamalizana. Mchapishaji ni yule anayeamua muswada utoke au usitoke, nani auhariri, jalada liweje, zipigwe nakala ngapi, ziuzwe kwa bei gani na zipelekwe wapi. Ndiye pia anayetanguliza fedha akisubiri zirudi. Ndiyo maana kwa mchapishaji wa kawaida fedha hutoka kwake kwenda kwa mwandishi, kwa njia ya mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu. Mahali ambapo fedha zinatoka kwa mwandishi kwenda kwa kampuni, na haki nazo zinakwenda huko huko, jina lake ni uchapishaji wa kulipia, na ni jambo jingine kabisa.

Hapa wengi hunijibu kwamba hata anayejichapishia hulipa watu. Ni kweli, na anapaswa kuwalipa: mhariri, msomaji wa prufu (anayesaka makosa kwenye nakala ya mwisho kabla haijapigwa chapa), msanifu wa jalada, mpangaji wa kurasa. Anayejenga nyumba huajiri mafundi na nyumba ikabaki yake, kwa sababu hati ina jina lake. Cha kutazama ni hati imeandikwa jina la nani.

Kwa kitabu, mahali pa kuanzia kutazama ni ule ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, ambao wasomaji huuruka. Soma jina la mchapishaji, kisha soma ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tangu Januari 2007 ISBN ina tarakimu 13. Vitabu vingi vya kwetu huanza na 978, kisha hufuata namba ya nchi, kwa mfano 9976 au 9987 kwa Tanzania, 9966 kwa Kenya, 9970 kwa Uganda. Baada ya hapo inakuja sehemu inayomtambulisha mchapishaji, halafu namba ya kitabu chenyewe, na mwisho tarakimu moja ya ukaguzi, ya kuhakiki kwamba namba nzima imeandikwa sawasawa. Ukishatoa 978, namba ya nchi na ile ya ukaguzi, zinabaki tarakimu tano za kugawana kati ya mchapishaji na kitabu. Mchapishaji mkubwa hupewa namba fupi, tuseme ya tarakimu mbili, ili abaki na nafasi ya vitabu 1,000. Mwenye tarakimu nne ana nafasi ya vitabu 10 tu, na kwa mwandishi anayeanza hizo zinatosha sana. Namba hizi mwandishi anaweza kuziomba mwenyewe: Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kama kampuni imekupa namba kutoka fungu lake, basi katika kumbukumbu za vitabu mchapishaji ni kampuni.

ISBN haikupi hakimiliki, ingawa kila mara nasikia watu wakisema inakupa. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, kwa sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, na hulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Njia ya kawaida ya kuipoteza ni kutia saini karatasi usiyoisoma.

Wanaodhani kujichapishia kumeletwa na Amazon, lile duka la mtandaoni, nao wanawasahau waandishi wakubwa wetu. Nairobi ya miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books akatoa vitabu vyake mwenyewe, vikauzwa sana. Dar es Salaam, Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers na Ben Mtobwa akawa na Heko. Waliandika, wakaingia gharama, wakahangaikia karatasi na wauzaji. Huduma ya Amazon ya kuchapisha kwa Kindle, kifaa chao cha kusomea vitabu vya kidijitali, ilikuja mwishoni mwa 2007. Ilirahisisha kazi, lakini nayo ina masharti yake: ISBN ya bure wanayokupa kwa kitabu cha karatasi haitumiki nje ya kwao, na ukijiunga na mpango wa hiari wa huduma hiyo uitwao KDP Select, toleo lako la kidijitali haliruhusiwi kuuzwa kwingine kwa siku 90. Hayo yasome kabla ya kubofya.

Katika mtandao, watu ninaowaona wakijichapishia hasa ni wale ambao hata hawaitwi waandishi. Dada anaweka hadithi Facebook sehemu kwa sehemu, akifika penye utamu anasimama, na anayetaka kuendelea analipa kwa simu na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Bei amepanga yeye, fedha inaingia kwake moja kwa moja, na hadithi ni yake. Ukurasa wake ukifungwa kesho, bado ana namba za simu za wasomaji wake, naye anaweza kuwaandikia keshokutwa kwamba sehemu mpya iko tayari. Anachokosa mara nyingi ni mhariri, na hilo linarekebishika. Wafuasi elfu kumi walioko kwenye ukurasa tu, asioweza kuwafikia bila huo ukurasa, hawamfikishi mbali hivyo.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyelipa kampuni ikakutolea kitabu, hongera, na hakuna aibu katika hilo ikiwa ulijua unachonunua. Ila ukijitambulisha sema, "Kampuni imenitolea kitabu kwa gharama yangu." Kisha utoe mkataba wako usome kile kipengele cha haki, uone ni lini zinarudi kwako.