Bukavu: uliza kilichoingia asubuhi, kisha chagua meza

Watu wakijua mimi ni mpishi na nimetoka Bukavu, mashariki ya Kongo, swali ni lile lile: restora gani ni nzuri kule? Nawauliza kwanza watafika siku gani na wanapenda kula saa ngapi. Hawafurahi, maana wanataka jina. Lakini katika mji ambao umeme unakatika mchana na friji haiaminiki, jina lililo kwenye kibao halikuambii chochote kuhusu sahani ya leo. Kinachokuambia ni saa ambayo chakula kiliingia jikoni na saa ambayo moto uliwashwa.

Safari hii tulikuwa na sababu nzuri. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa anatimiza miaka 40, na alikataa katakata ukumbi, viti vya kukodi na spika za kupasua masikio. Alitaka kula vizuri, basi. Tukapanda boti Goma, ziwa likiwa limetulia, tukashuka Bukavu na njaa yetu. Kuchagua meza nikaachiwa mimi. Nieleze nilivyochagua, kwa sababu hata asiyejua kupika anaweza kufanya vivyo hivyo.

Anza na sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, na kabla ya sambaza tazama mwezi.

Samaki huyu si mzaliwa wa Kivu. Zamani maji ya upande wetu yalikuwa yakielekea kaskazini, mpaka lava ya milima ya Virunga ilipoyazibia njia, ziwa likajaa na kutafuta mlango kusini. Mlango huo ni mto Ruzizi, unaoanzia pale pale Bukavu na kuporomoka hadi ziwa Tanganyika. Kwa maporomoko hayo samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda kuja kwetu, ndiyo maana Kivu ilikuwa na aina chache sana za samaki, na katikati ya ziwa palikuwa karibu patupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaletwa sambaza kutoka Tanganyika, ndugu wa ndagala tunaowajua wa Uvira, wakapata malisho wasiyogombania na mtu. Nao wanaishi juu tu. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 480, lakini maji ya chini yamejaa gesi na hayana oksijeni. Samaki wote wamebanana kwenye tabaka la juu.

Jioni wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wanaimba. Wakifika mahali pao wanawasha taa, sambaza wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga, na taa ya mvuvi haimvuti tena samaki kama inavyomvuta gizani. Mavuno yanapungua. Katika siku hizo restora nyingi bado zitakuletea sahani ya sambaza, na ni haki yako kuuliza zilivuliwa lini. Tarehe ya yaya iliangukia wakati mwezi ni mwembamba kama ukucha. Nilijua tutakula vizuri kabla hatujapakia mizigo.

Asubuhi nilimpeleka Beach Muhanzi, ambako ndoo na mabeseni yanapokelewa. Pale tazama tumbo. Sambaza akishakufa, vimeng'enya vya tumbo lake vinaanza kumla yeye mwenyewe, na jua likipanda vinafanya kazi haraka zaidi. Tumbo likiwa zima na gumu, ngozi iking'aa, ametoka majini muda mfupi uliopita. Tumbo likiwa limepasuka, hata ndimu na chumvi nyingi havitamrudisha. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa ananunua beseni zima, "Mama, hizi unapeleka wapi?" Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akacheka. "Napeleka kwangu, dada. Kuja kula."

Ndivyo tulivyopata restora ya kwanza: chumba chenye benchi na meza zilizofunikwa plastiki, nje kuna mbabula, yaani jiko la makaa, na karai kubwa. Kibao hakuna. Mama yule alikuwa anakaanga kidogo kidogo, ngumi moja ya samaki kwa mara moja, na hilo ndilo ningependa kila mla sambaza alitazame. Ukimwaga samaki wengi kwa pamoja mafuta yanapoa, samaki wanayanywa badala ya kukaukia, na unakula mafuta. Yeye alikuwa anasubiri mafuta yapate moto tena ndipo aongeze. Samaki mbichi kabisa hujikunja kidogo akiingia kwenye karai. Wake walikuwa wanajikunja. Bugali (ugali) wa moto, mchicha tunaouita lenga-lenga, pilipili ya kusaga, ndimu. Yaya aliagiza sahani ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Mchana tulipanda mtaa wa Kadutu, na huko nilikuwa natafuta maharage. Najua, nani anasafiri kwa ajili ya kula maharage siku yake ya kuzaliwa? Lakini maharage ni mtihani mkubwa wa mpishi wa milimani. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi za selsiasi, si 100. Hata ukiongeza makala (makaa) mpaka mbabula iwe nyekundu, maji hayatapanda zaidi ya hapo. Yatakauka haraka tu. Kwa hiyo maharage ya Bukavu yanahitaji muda zaidi kuliko ya Uvira kule chini, na muda hauwezi kununuliwa saa sita mchana wakati wateja wameshakaa. Mpishi makini analoweka usiku, anawasha moto alfajiri, anaacha chungu kifanye kazi polepole. Mpishi mwenye haraka anakupa punje ambayo ngozi imepasuka na moyo bado una unga mkavu. Ibonyeze moja kwa ulimi kwenye paa la mdomo. Ikisagika yote bila kutumia meno, umefika mahali pazuri, na unaweza kuagiza chochote kingine kwenye chungu cha mtu huyo.

Sombe ni vivyo hivyo, ila hapo kuna jambo zito zaidi ya ladha. Majani ya mihogo yana viini vinavyotoa sianidi. Kuyatwanga kunaifungua, na kuyachemsha kwa muda mrefu bila kufunika kunaifukuza. Sombe ya kijani kibichi sana, inayokwaruza koo, ni sombe iliyoharakishwa, iache. Tuliyokula Kadutu ilikuwa imekolea rangi, laini, mawese yameelea juu yake kama pete. Nilimuuliza mpishi ameiweka motoni saa ngapi, akajibu bila kufikiri, saa kumi na mbili asubuhi. Mpishi anayejibu swali hilo mara moja ni mpishi aliyekuwepo.

Mukeke niliukataa mezani, ingawa yaya anaupenda. Huyo ni samaki wa Tanganyika, anapanda barabarani kutoka Uvira. Akiwa wa moshi, sawa. Akiwa mbichi na hujamwona akishuka kwenye gari, mwachie mwingine.

Kwa chakula cha jioni chenyewe tulitaka maji mbele yetu. Bukavu imekaa kwenye rasi zinazoingia ziwani kama vidole, na mtaa wa Ibanda hukosi bustani ya hoteli yenye meza karibu na maji. Hapa kanuni inabadilika: mandhari inakuvuta uketi kabla hujauliza. Nilipita asubuhi, si jioni. Nikaomba kuonyeshwa tilapia, si menyu, kwa sababu tilapia nyingine inatoka kwenye barafu ya mbali, na ukishaipaka vitunguu na nyanya haitambuliki. Nikaona macho yaliyojaa, matamvua mekundu, nikachagua wawili wakubwa, nikasema tutakula saa moja na nusu jioni, wachomwe kwa makala, chumvi na ndimu tu. Nikalipa kianzio. Watu wengi wanaona aibu kufanya hivyo, lakini jikoni lenye samaki wachache linashukuru kujua mapema, linaacha kubahatisha. Tulivyorudi jioni, meza jirani zilikuwa zinalalamika kuhusu kusubiri. Samaki mzima juu ya makala anahitaji muda wake, na akifika baada ya dakika kumi tangu uagize, alikuwa ameshapikwa kabla hujafika.

Keki ilikuwa keki. Wadogo zetu wakamwagia yaya maji kama desturi inavyotaka, na wahudumu wakaimba kuliko sisi.

Kuna jambo moja linaniumiza, na nitalisema wazi. Milima inayozunguka ziwa hili, Kalehe, Kabare, kisiwa cha Idjwi, inalima arabika nzuri inayosafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Halafu asubuhi yake tuliketi kwenye restora yenye vitambaa vyeupe, tukaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga wa kiwandani. Sioni kwa nini tuukubali mpango huo. Tuliondoka, tukaulizia barabarani, tukaelekezwa kwa kijana anayekaanga kahawa ya Idjwi mwenyewe kwenye sufuria, kidogo kwa siku, na kuiuza kwa kikombe. Ilinukia mpaka ng'ambo ya njia. Pale alikuwa na mananasi ya Idjwi pia, na hatukuhitaji kitu kingine.

Sasa, bado mtaniomba majina, na bado sitayaandika, kwa sababu wapishi wanahama. Mama wa sambaza anaweza kuwa mtaa mwingine mwezi ujao. Mpishi wa sombe anaweza kuchukuliwa na hoteli, na kibao cha zamani kikabaki palepale na mikono mingine nyuma yake. Mnapokula vizuri, ombeni kumwona aliyepika, mshukuruni, chukueni namba yake ya simu. Mkirudi, mpigieni jioni ya kabla, aloweke maharage ya kwenu pamoja na ya wengine. Na bebeni franka ndogo ndogo: kwenye restora za benchi chenji ni shida, na dola yenye mpasuko hata mdogo itarudishwa mkononi mwako.