Ukiwashwa na embe, si lazima uache korosho

Kuna ujumbe unazungukazunguka kwenye magrupu: eti ukiwashwa na embe, uache korosho na matunda yote. Si kweli.

Embe na korosho ni mimea ya jamii moja, ndiyo maana watu huchanganya. Mara nyingi kinachowasha ni utomvu wa embe, ule unaotoka kwenye kikonyo na kubaki kwenye ganda. Hubabua midomo, pengine kesho yake. Aleji ya korosho hutokana na protini za korosho yenyewe, huja haraka, na inaweza kubana pumzi. Mwenye nayo ajihadhari zaidi na pistachio, njugu za kijani za jamii hiyohiyo.

Ujumbe huo tusiusambaze tena, tafadhali. Aliyewahi kuvimba akamwone daktari apimwe ngozi au damu, asijijaribie nyumbani.