Si kila chembe mpya huhitaji mtambo wa kilomita 27

Wengi tumezoea kuamini kwamba chembe mpya, zile ndogo kuliko atomi, hupatikana tu kwa mitambo mikubwa ya kugonganisha protoni, kama ule wenye mzunguko wa kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Imani hiyo ina msingi: chembe nzito huhitaji nishati nyingi ili zizaliwe.

Aksioni ni habari nyingine. Chembe hii, ambayo bado ni ya nadharia tu, huenda ni nyepesi kuliko elektroni mara mabilioni. Ugumu wake ni ukimya: karibu haigusani na kitu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mwanga mwingi na uga mkali wa sumaku. Mpigo mfupi mno wa leza ukiingia kwenye gesi, hung'oa elektroni na kuigeuza gesi kuwa plazma. Humo huzuka uga mkali, na kinadharia fotoni (chembe za mwanga) chache zingeweza kugeuka aksioni, zikapenya ukuta, kisha zikarudi kuwa mwanga upande wa pili.

Ukisoma habari za namna hii, tafuta kitenzi: wanasema "tumegundua" au "tumeweka kikomo", yaani hawakuiona chembe, ila wamejua kugusana kwake na vitu vingine hakuzidi kiwango fulani? Kwa aksioni, hadi sasa ni hicho cha pili.