Nyasi zako hazina kosa: kupe wa mbwa wako ndani

Simu ya leo imetoka Njiro, hapa Arusha. "Dokta, nimefyeka uwanja wote, umebaki udongo mtupu, na mbwa bado kajaa kupe." Lazima ajae. Nani alikwambia walikuwa kwenye nyasi?

Najua tulikoitoa imani hii: kwa ng'ombe. Huku kwetu nani hajasikia ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe? Kupe wake, yule wa masikioni, kweli hukaa juu ya majani akingoja mnyama apite. Kupe wa kahawia wa mbwa ni ndugu yake, wote ni wa jamii moja, Rhipicephalus, lakini huyu ni wa nyumbani. Uingereza amewahi kukutwa akizaliana ndani ya nyumba zilizopashwa joto, na sidhani kama kuna mtu anaotesha nyasi sebuleni.

Mzunguko wenyewe ni mwepesi. Jike akishashiba, kwa wiki moja hivi, hujiangusha, hutafuta ufa, hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000, kisha hufa. Lava, yaani kupe mchanga aliyetoka yaini, hupanda mbwa, hunyonya, hushuka. Nimfu, hatua inayofuata, hivyo hivyo. Wazima, waliokwisha kukomaa, hivyo hivyo. Kukiwa na joto kama la Moshi mwezi wa pili, miezi miwili hivi inatosha kumaliza duru nzima. Arusha ya mwezi wa saba huchelewa.

Shika hapo kwenye kushuka, maana ndipo watu wanaponichosha. Kupe huyu hupanda mara tatu na kushuka mara tatu, na katikati ya hapo hukaa wiki kwa wiki akiwa hayuko kwa mbwa. Hao unaowaona masikioni na katikati ya vidole ni wachache tu wa ukoo mzima. Ndiyo maana nikija kwako namwacha mbwa kwanza, nakwenda bandani. Mabanda yetu mengi ni ya mabanzi, tena yenye magome. Banua gome kwa ncha ya kisu: utakuta jike aliyekuwa amevimba kama punje ya mbono, sasa amenywea, mbele yake fundo la mayai ya kahawia yanayong'aa, na pembeni magamba ya nimfu waliokwisha kujivua. Halafu tazama juu. Hupenda kupanda hawa: pembe ya ukuta na dari, nyuma ya pazia, chini ya kiti cha mlinzi. Kuna aliyeniambia kuku wake watawamaliza. Sijaona kuku wa kudonoa dari.

Na usidhani ukimhamisha mbwa watakufa njaa kesho. Mzima asiyekula anaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mpangaji anahama na mbwa wake, nyumba inakaa tupu miezi, mpangaji mpya analeta kitoto cha mbwa, na baada ya wiki moja ananiuliza kimetoa wapi kupe. Wakiikosa damu ya mbwa, hasa kukiwa na joto kali, huwageukia watu.

Sasa, vitabu huyapanga haya kwa unadhifu kuliko ninavyoyaona mimi. Mbwa anayefuata mifugo kule Monduli anaweza kweli kuokota kupe kwenye majani: wa jamii ya Haemaphysalis, wa rangi ya manjano, naye hubeba Babesia rossi, kimelea cha damu ambacho ni kikali kuliko babesia ya huyu wa nyumbani. Kwa mbwa wa namna hiyo nyasi zina kesi ya kujibu. Hata jina la huyu wa kahawia limeyumba. Tangu 2021 wa nchi za joto wanaitwa Rhipicephalus linnaei. Kwa lenzi niliyonayo naandika "Rhipicephalus", basi. Atakayeniapia aina kamili kwa kumtazama mara moja, nitamtilia shaka.

Magonjwa wanayoleta kupe hawa nitayaandikia siku nyingine. Ukiona damu puani au vidoa vyekundu kwenye fizi, usingoje makala, mlete.

Dawa: pulizia nyufa za banda na kuta, rudia, maana mayai hayafi kirahisi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpimie mbwa kwa kifuniko na macho. Permethrini, mojawapo ya dawa za kuua kupe, huua paka, na Marekani wameshakuta kupe wa mbwa wasioisikia tena.

Vidonge vya kisasa vya kumezesha mbwa ni vizuri, ila huua baada ya kupe kuuma. Kwa hiyo siku ya kumi ukiona vikupe vipya, usinipigie kuniambia dawa ni feki. Ni wa banda lako hao, wanapanda, wanauma, wanakufa. Endelea miezi kadhaa bila kuruka, kwa mbwa wote wa uwanjani, pamoja na yule anayelala kwa mlinzi ambaye kila nikimuuliza mwenye nyumba, ananijibu "huyo si wetu".