Mama, hujachelewa: saa tatu za usajili wa besiboli ya vyuo Marekani

Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia simu saa tano usiku kutoka Columbus, Ohio. Mwanawe ana miaka 15, anarusha mpira wa besiboli kwa mkono wa kushoto, yuko darasa la 10. Wiki hiyo mwenzake wa timu, aliyemzidi darasa moja, alikuwa ametangaza Instagram kwamba amepata chuo. "Kaka, tumechelewa?" Kabla sijajibu akaniambia ameshalipa dola 700 za onyesho la vipaji la Oktoba huko Florida.

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wa kwetu walioko huku. Nalielewa. Sisi tuliokulia kwenye mitihani ya taifa tumezoea siku moja inayoamua mambo: fomu zinatoka, fomu zinafungwa, majina yanabandikwa ubaoni. Besiboli ya vyuo haina siku hiyo. Ina sheria, ina viti vya kikosini, ina mwili wa mtoto, na kila kimoja kina saa yake.

Sheria ni fupi. Tangu mabadiliko ya 2023, kocha wa chuo cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji habari za usajili, wala kumpa ofa ya mdomo, kabla ya Agosti 1 mtoto anapoingia darasa la 11. Zamani tulikuwa tukisikia watoto wa darasa la 8 wameshaahidiana na vyuo vikubwa, sauti zenyewe hazijavunjika. Sasa mtoto wa darasa la 10 anaweza kuandika barua pepe, kocha akaisoma na kunyamaza. Kimya hicho usikihesabu kuwa ni kukataliwa. Miongoni mwa vichache anavyoruhusiwa kocha kukutumia ni tangazo la kambi ya chuo, na tangazo hilo hutumwa kwa kila aliyewahi kuandika jina lake mahali. Nimeona familia ikipata mwaliko wa kambi ikakimbilia kununua fulana za chuo.

Kwenye viti ndiko wazazi wengi wanakopotea, kwa sababu hesabu imebadilika mno ndani ya miaka michache.

Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, ukigawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, na kila aliyepewa hakupewa chini ya robo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo. Vyuo vilivyojiunga nayo vinaruhusiwa kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi chenyewe kimewekewa kikomo cha watu 34. Mzazi akisikia "kila mchezaji" anafurahi. Mimi nasikia 34. Tena si kila chuo kilichoruhusiwa kulipa kina pesa za kulipa.

Halafu tazama nani wanavigombania viti hivyo. Ligi kuu ya besiboli ya kulipwa, MLB, ilikuwa ikichagua vijana kwa raundi 40 kila mwaka. 2020 zikawa 5, na kuanzia 2021 zimekuwa 20. Wengi ambao wangeondoka kwenda kulipwa wanabaki vyuoni au wanaingia. Juu ya hapo ipo potali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, iliyofunguliwa 2018, na siku hizi mchezaji anaweza kuhama bila kukaa msimu nje. Paul Skenes alianza Chuo cha Jeshi la Anga, akidaka na kurusha, akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, akatwaa nao ubingwa wa 2023 kule Omaha, na mwezi uliofuata akawa wa kwanza kuchaguliwa na MLB. Kila kocha anamtafuta Skenes wake kwenye potali kabla hajamtafuta mwanao.

Nilikuwa kocha msaidizi wa warushaji kwa miaka tisa, na sitawadanganya. Ukiwekewa mezani mrushaji wa miaka 21 mwenye misimu miwili ya takwimu za chuo, na pembeni yake kijana wa miaka 17 mwenye video ya sekunde 40, mkono unakwenda kwa yule wa kwanza. Nilikuwa nawapenda watoto, lakini ajira yangu ilihesabiwa kwa ushindi.

Kwa hiyo kocha anapoanza kupiga simu, mzazi asiulize "mnampenda mwanangu?" Watampenda. Aulize: mwaka atakaoingia, warushaji wangapi wa mkono wa kushoto watakuwa wamebaki? Mwaka huu mmewachukua wangapi kutoka potali, na wangapi kutoka hai skuli? Mazoezi ya vuli mnaanza na watu wangapi? Swali hili la mwisho huwakera baadhi ya makocha, nanyi mtajua kwa nini: idadi ya 34 hutakiwa kutimia kufikia Desemba 1, na zipo timu zinazoanza muhula na zaidi ya hao. Kijana anafika Agosti na begi lake, Novemba anaitwa ofisini.

Sasa saa ya mwili, ambayo hakuna wa kuisukuma. Kwenye maonyesho ya vipaji mtoto hupimwa kila kitu: mbio za yadi 60, kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo, kasi ya urushaji kwa rada. Namba hizo huwekwa mtandaoni zikiwa na jina, picha na tarehe. Kosa hili nililifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kushauri familia. Nilimpeleka kijana wa miaka 14 kwenye onyesho kubwa "azoee", akarusha maili 71 kwa saa. Miaka miwili baadaye anafika 86, na kocha mmoja ananijibu kwamba amemtafuta mtandaoni na hakuvutiwa. Alikuwa amesoma namba ya zamani. Tulilazimika kulipa onyesho jingine ili kuifunika ile ya kwanza.

Kuna gharama nyingine, ya kiwiko. Desemba 2024 MLB ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya warushaji, na kukimbizana na kasi ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mtoto aliyecheza tangu Machi, akiitwa Oktoba aonyeshe nguvu zake zote mbele ya rada, anaombwa alipe kwa mkono uliochoka.

Wasiochaguliwa mapema wana njia ambayo wazazi wetu huidharau: chuo cha miaka miwili. Albert Pujols alifika Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akasoma hai skuli Missouri, akacheza msimu mmoja Maple Woods, chuo cha jamii cha Kansas City. Mwaka 1999 alichaguliwa raundi ya 13. Alistaafu na hom rani 703. Vyuo hivi vina ufadhili wa michezo, vinampa kijana nafasi ya kucheza badala ya kukaa benchi, na akitoka huko ana miaka 20 na takwimu, yaani amekuwa yule wa kwanza mezani pangu.

Masomo nayataja haraka, ingawa ndiyo yanayowaangusha waliohamia huku katikati ya sekondari. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3 kwa kipimo cha 4.0, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12. Kama mtoto alisoma kidato cha kwanza Nairobi au Dar, karatasi zake za matokeo anza kuzitafuta leo. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini mwenye alama nzuri huweza kupata huko msaada wa masomo unaoshinda robo ya ufadhili wa chuo chenye jina.

Turudi kwa mama wa Columbus. Mwanawe anarusha maili 79. Nilimwambia asiende Florida. Apumzishe mkono baada ya msimu wa vuli, anyanyue vyuma, ale. Machi achukuliwe video mbili fupi, moja kutoka nyuma na moja kutoka ubavuni, kisha aandikie vyuo kama 20 vya ngazi tofauti, akitaja alama zake za shule, kimo, uzito na ratiba ya mechi. Juni apimwe kwenye onyesho moja la karibu na nyumbani. Agosti 1 simu iwe na chaji. Waandaaji walikataa kurudisha pesa ila wakakubali kuzihamishia onyesho la Juni.

"Na yule mwenzake aliyekwisha pata chuo?"

"Dada, yule ameahidi kwa mdomo. Karatasi za ufadhili atasaini Novemba mwakani, na hadi siku hiyo yeye anaweza kubadili nia, na kocha naye vilevile."

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama vyuma vya mazoezi lazima wanunue au vya shuleni vinatosha. Vya shuleni vinatosha.